Mtoto Wako Atakuwa Nani? Tumwonyeshe Njia Mapema

Ndugu msomaji, fanya jaribio moja leo jioni. Mwite mtoto wako anayesoma darasa la saba, au kidato cha kwanza, au kidato cha pili. Muulize, "Ukimaliza shule unataka kuwa nani?"

Watoto wengi watajibu: daktari, mwalimu, askari, rubani. Majibu hayo si mabaya. Lakini muulize swali la pili. "Ili uwe daktari, unatakiwa usome masomo gani? Usome chuo gani? Kwa miaka mingapi?" Hapo wengi watanyamaza.

Sasa jiulize wewe mzazi maswali hayo hayo. Huenda na wewe utanyamaza. Si aibu. Wengi wetu hatukupata mtu wa kutueleza. Lakini mtoto asipoelezwa mapema anaweza kupoteza nafasi yake bila kujua. Makala haya yanaeleza jambo hilo, na yanaonyesha tunavyoweza kusaidiana hapa kijijini.

MLANGO ULIOFUNGWA KIMYA KIMYA

Tuchukue mfano. Mambo kama haya hutokea katika vijiji vingi.

Binti mmoja alipenda sana kazi ya uuguzi. Tangu utoto alikuwa akimsindikiza mama yake kliniki. Alimwona muuguzi akipima watoto na kuchoma sindano. Alisema, "Na mimi nitafanya kazi hii."

Akaingia sekondari ya kata. Alipofika kidato cha tatu aliambiwa achague masomo. Wenzake walisema, "Fizikia na kemia ni ngumu. Yaache." Naye akayaacha. Nyumbani hakuuliza, kwa sababu baba na mama hawakufika sekondari. Shuleni hakuuliza, kwa sababu hakujua kwamba kuna jambo la kuuliza.

Akafanya mtihani wa kidato cha nne. Akafaulu Kiswahili, historia, jiografia, uraia na baiolojia. Nyumbani walifurahi. Baba akauza mbuzi wawili apate nauli na ada. Wakaenda kuulizia chuo cha uuguzi.

Wakaonyeshwa masharti ya kujiunga. Kwa kawaida vyuo vya uuguzi na uganga hutaka mwanafunzi awe amefaulu baiolojia, kemia na fizikia katika mtihani wa kidato cha nne. Binti alikuwa na baiolojia peke yake.

Baba akauliza, "Mbona hatukuambiwa?"

Hakuna aliyewadanganya. Ila hakuna aliyewaambia. Mlango ulifungwa siku ile binti alipoacha kemia, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na sita tu. Alifikiri anakimbia somo gumu. Kumbe alikuwa anaikimbia kazi aliyoipenda.

KWA NINI TUANZE MAPEMA

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wengi wetu huanza kuzungumza habari za vyuo baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. Wakati huo samaki amekwisha kauka.

Wakati mzuri ni kati ya darasa la sita na kidato cha pili. Mtoto wa umri huo amekwisha anza kupenda mambo fulani. Anaweza kuelewa kazi za watu wakubwa. Tena bado hajaacha somo lolote. Milango yote bado iko wazi.

Siku hizi kuna sababu nyingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari. Upo mkondo wa elimu ya jumla. Upo pia mkondo wa elimu ya amali. Katika mkondo wa amali mwanafunzi husoma masomo pamoja na ujuzi wa kazi, kama kilimo au ufundi. Kwa hiyo uchaguzi unakuja mapema zaidi. Mtoto anahitaji kujua mambo mapema, na mzazi pia.

KIJANA ALIYEULIZA SWALI

Sasa tusikie habari ya kijana wa Tanzania ambaye jina lake linajulikana duniani. Jina lake ni Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa haba. Mpemba aliogopa kuikosa. Akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto.

Baada ya muda kama wa saa moja na nusu alikwenda kutazama. Maziwa yake yalikuwa yameganda. Maziwa ya mwenzake, yaliyowekwa bila kuchemshwa, yalikuwa bado hayajaganda.

Mpemba alishangaa. Akamwuliza mwalimu wake. Mwalimu akamwambia kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye alikwenda kusoma katika shule ya Mkwawa, Iringa. Huko nako aliuliza, na huko nako alichekwa.

Kisha siku moja mkuu wa shule alimwalika mgeni. Mgeni huyo alikuwa Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lake lile lile mbele ya wote. Wenzake wakamcheka tena. Lakini mgeni hakucheka. Aliporudi chuoni alitaka jambo hilo lijaribiwe.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la walimu wa fizikia. Wataalamu mpaka leo wanajadiliana kuhusu jambo hilo. Wanaliita kwa jina la Mpemba.

Na Mpemba mwenyewe alifanya kazi gani? Alikwenda kusoma katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Akawa ofisa wa wanyamapori.

Habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza, swali la mtoto lisichekwe. La pili, mtu mmoja kutoka chuoni akifika shuleni, hata kwa siku moja tu, anaweza kumfungulia mwanafunzi njia. Shule ya Mkwawa ilimwalika mgeni. Na sisi tunaweza kualika wageni.

KAZI ZIKO HAPA HAPA TULIPO

Mtoto hutamani kazi anayoiona. Lakini mara nyingi huona mtu tu, haoni njia aliyopita mtu huyo. Hebu tutembee katika kata yetu, tuone.

Tuanze kwenye zahanati. Pale yuko tabibu. Yuko muuguzi na mkunga. Huenda yuko pia mtu wa kupima damu na choo kwa darubini. Hizo ni kazi tofauti. Kila moja ina mafunzo yake. Vyuo vya afya viko katika mikoa mingi. Aliyefaulu vizuri zaidi, akasoma kidato cha tano na cha sita, anaweza kufika chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, ni kimoja cha vyuo hivyo.

Twende shambani. Tunamkuta Bwana Shamba au Bibi Shamba. Huyu alisoma chuo cha kilimo. Viko vyuo vya kilimo Uyole katika Mkoa wa Mbeya, Ukiriguru katika Mkoa wa Mwanza, Ilonga katika Mkoa wa Morogoro, na Tumbi katika Mkoa wa Tabora. Anayetaka shahada anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1984.

Twende kwenye josho. Bwana Mifugo anatazama ng'ombe. Vyuo vya mifugo viko Tengeru, Mpwapwa, Morogoro na kwingineko.

Twende kwenye bomba la maji. Pampu imeharibika na kina mama wanasubiri na ndoo zao. Anakuja fundi. Anajua kupima maji, kupanga mabomba na kutengeneza mitambo. Ujuzi huo unafundishwa katika Chuo cha Maji, Ubungo, Dar es Salaam. Unataka hesabu na sayansi.

Je, kijiji chetu kina msitu? Chuo cha Misitu kiko Olmotonyi, Arusha, tangu mwaka 1937. Tunafuga nyuki? Chuo cha ufugaji nyuki kiko Tabora. Tuko karibu na hifadhi ya wanyama? Chuo cha Mweka kilianzishwa mwaka 1963, na kingine kiko Pasiansi, Mwanza. Tunaishi kando ya ziwa au bahari? Mafunzo ya uvuvi yako Nyegezi, Mwanza, na Mbegani, Bagamoyo. Wako wachimbaji wa madini? Chuo cha Madini kiko Dodoma.

Mtoto aliyezaliwa kwa mvuvi anaweza kuwa mtaalamu wa uvuvi. Mtoto wa mfugaji anaweza kuwa daktari wa mifugo. Hakuacha kazi ya baba yake. Ameiongezea ujuzi.

NJIA NI ZAIDI YA MOJA

Wako wazazi wanaofikiri kwamba mtoto asipokwenda kidato cha tano amekwisha shindwa maisha. Hilo si kweli. Njia kubwa ni tatu.

Njia ya kwanza ni kidato cha tano na cha sita, kisha chuo kikuu. Njia hii ni ndefu. Inamfaa mwenye alama nzuri na anayetaka kazi zinazohitaji shahada.

Njia ya pili ni vyuo vya kati. Mwanafunzi huingia akiwa na cheti cha kidato cha nne. Husoma mpaka apate astashahada au stashahada. Wauguzi wengi, matabibu, mabwana shamba na mafundi wa maji wamepita njia hii. Baadaye mtu akitaka anaweza kuendelea mpaka chuo kikuu.

Njia ya tatu ni ufundi stadi. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyuo vyake hufundisha uashi, useremala, umeme wa majumbani, uchomeleaji wa vyuma, ufundi magari, ushonaji na kazi nyingine nyingi. Hata aliyeishia darasa la saba anaweza kupata fani ya kusoma.

Pamoja na VETA, viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa ajili ya watu wa vijijini. Sasa viko 54. Hupokea vijana na watu wazima.

Njia hizi tatu hazishindani. Fundi hodari wa umeme hamlaumu daktari. Na daktari hawezi kufanya kazi hospitalini bila umeme. Jambo la maana ni mtoto kuijua njia inayomfaa na kuifuata kwa bidii.

CHETI PEKE YAKE HAKITOSHI

Ndugu msomaji, tusidanganyane. Wako vijana wenye vyeti ambao hawajapata ajira. Serikali na makampuni hayawezi kuajiri kila mtu anayemaliza chuo.

Kwa hiyo tunapozungumza na watoto tuwaulize pia, "Ujuzi huu utaweza kuutumia hata kama hujaajiriwa?" Fundi wa kuchomelea anaweza kufungua karakana yake. Aliyesoma mifugo anaweza kufuga kuku kwa njia bora na kuwahudumia majirani. Mshonaji anaweza kupata wateja siku za harusi na siku shule zinapofunguliwa. Mtoto ajue toka mapema kwamba ujuzi ni mali yake, hata ajira ikichelewa.

HABARI YA FEDHA

Wazazi wengi huuliza kwanza habari ya fedha. Ni haki yao.

Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne katika shule za Serikali iliondolewa mwaka 2016. Ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa mwaka 2022. Hata hivyo sare, daftari na mahitaji mengine bado yapo. Vyuoni kuna ada.

Iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hukopesha wanafunzi wahitaji wa vyuo vikuu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 ilianza pia kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani. Mkopo huo si zawadi. Hulipwa baadaye. Tena kila mwaka kuna tarehe ya mwisho ya kuomba. Anayechelewa hukosa.

Lakini tusitegemee mkopo peke yake. Mtoto akiwa kidato cha kwanza, familia ina miaka minne ya kujiandaa. Kuku wachache waliotengwa kwa ajili ya chuo, au akiba ndogo katika kikundi cha kuweka na kukopa, si kitu kidogo baada ya miaka minne. Baba aliyeuza mbuzi wawili kwa haraka aliuza kwa bei ya shida. Angejua mapema, angeuza kwa bei nzuri.

Tujihadhari pia na matapeli. Kabla ya kulipa hata senti moja, uliza kama chuo kimesajiliwa. Vyuo vya ufundi na vya kati husimamiwa na Baraza la NACTVET. Mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kata inaweza kukusaidia kuhakikisha.

BINTI NAYE NI MTOTO

Katika nyumba nyingi mvulana huulizwa atakuwa nani. Msichana huulizwa ataolewa lini. Hilo halifai.

Msichana akisikia kila siku kwamba fizikia ni ya wavulana, ataiacha. Akipewa kazi za nyumbani mpaka usiku, hatapata muda wa kusoma. Kisha akishindwa tunasema hana akili. Kumbe hatukumpa nafasi. Tugawe kazi sawasawa. Mvulana naye anaweza kuchota maji.

Na msichana aliyeacha shule kwa sababu ya kupata mimba asitupwe. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana hao warudi katika mfumo rasmi wa shule baada ya kujifungua. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi pia hupokea mama vijana.

TUFANYE NINI KIJIJINI

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mipango. Halmashauri ya kijiji, kamati ya shule na walimu wanaweza kukaa pamoja na kupanga mambo haya:

1. Kuwe na siku moja kila mwaka ya kazi na vyuo. Wanafunzi wa darasa la sita mpaka kidato cha pili wakutane na wazazi wao.

2. Waalikwe watu wanaofanya kazi katika kata. Muuguzi, Bibi Shamba, fundi wa maji, fundi seremala, mwenye duka la dawa za mifugo. Kila mmoja aeleze alisoma masomo gani, alisoma wapi, alilipiwa na nani, na alipata shida gani.

3. Waalikwe vijana wa kijiji walioko vyuoni, wakati wa likizo. Mtoto humwamini zaidi kijana anayemjua. Atasema, "Kama huyu wa nyumba ya jirani ameweza, na mimi nitaweza."

4. Wanafunzi wapelekwe kutazama kazi. Watazame pampu ikifunguliwa. Watazame ng'ombe wakiogeshwa. Kama kuna chuo karibu, wakione kwa macho. Atangaye na jua hujua.

5. Shule ibandike ukutani karatasi kubwa. Upande mmoja iandikwe kazi. Upande wa pili yaandikwe masomo yanayohitajika. Mwanafunzi aione kila siku.

6. Kabla mwanafunzi wa kidato cha pili hajachagua masomo, mzazi aitwe shuleni. Wazungumze watatu: mwalimu, mzazi na mtoto.

Na mzazi asiyejua mambo haya asiogope. Wewe unayesoma gazeti hili umekwisha jifunza kusoma. Soma pamoja na mtoto wako masharti ya vyuo. Msipoelewa, nendeni kwa mwalimu mkaulize. Kuuliza si ujinga.

TURUDI KWA BINTI

Je, binti wa mfano wetu amekwisha potea? Hapana. Mtu anaweza kusoma tena masomo aliyoyakosa na kufanya mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina mafunzo ya kuwasaidia watu kama huyo. Akijitahidi, anaweza kupata kemia na fizikia na kuingia chuo cha uuguzi.

Lakini atakuwa ametumia miaka zaidi na fedha zaidi. Na wako wenzake wengi ambao hukata tamaa kabla ya kufika hapo. Yote hayo yangeepukwa kwa mazungumzo ya jioni moja, miaka mitatu nyuma, kati ya mzazi, mwalimu na mtoto.

Ndugu msomaji, jioni hiyo kwa mtoto wako bado ipo. Mwite. Muulize. Msikilize.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kata yetu kuna kazi gani zinazohitaji mafunzo ya chuo? Ni nani anazifanya?

2. Kwa nini binti wa mfano wetu alikosa chuo? Ni nani angeweza kumsaidia, na wakati gani?

3. Familia inaweza kuweka akiba kwa njia gani tangu mtoto akiwa kidato cha kwanza?

4. Siku ya kazi na vyuo katika kijiji chetu tuifanye mwezi gani? Nani ataanza kuipanga?